Kijana wangu kabadili tairi za Altezza yangu kimyakimya. Nimnyang'anye ufunguo?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni baba wa watoto wawili, umri miaka 51, naishi Tegeta. Nina gari la Toyota, Altezza RS200 ya mwaka 1999, ile ya gia sita za mkono. Niliiagiza Japani mwaka 2009, kijana wangu wa kwanza akiwa na miaka minne, na nimekaa nayo kuliko nilivyokaa kwenye kazi yoyote. Rangi ni ileile iliyokuja nayo, na hakuna fundi aliyewahi kuigusa bila mimi kusimama pembeni. Kazini naenda na gari la ofisi, kwa hiyo Altezza ilikuwa ya Jumamosi na Jumapili tu. Siku nyingine inalala chini ya turubai.

Sasa huyo kijana ana miaka 20, yuko chuo mwaka wa kwanza. Machi mwaka huu alipata leseni, na shule ya udereva alisoma kweli, nilifuatilia mwenyewe. Nikamwambia kuanzia leo Altezza ni yetu sote wawili: Jumatano na Ijumaa zako, wikiendi yangu. Alifurahi mpaka akakosa la kusema. Na mimi nilifurahi, maana moyoni gari lile nilikuwa namwekea yeye.

Wiki za mwanzo nilikaa naye kiti cha kushoto. Nakiri nilikuwa msumbufu. Mkono wangu wa kulia haukubanduka kwenye breki ya mkono kutoka Tegeta mpaka Mwenge, hadi siku moja akaniuliza, "Baba, anayeendesha ni wewe au mimi?"

Mwezi wa tano bodaboda ikamkwangua kioo cha pembeni. Aliporudi alinifuata mwenyewe akaniambia. Nikamfokea palepale getini, majirani wanasikia, nikakaa na ufunguo wiki tatu. Hasira zilipoisha nikamrudishia.

Jumapili mbili zilizopita nilikuwa naosha gari. Nimechuchumaa kusugua rimu za nyuma, naona tairi si zangu. Zangu nilinunua mpya mwaka jana, saizi 215/45 R17, zote nne za aina moja. Hizi za nyuma ni za kampuni mbili tofauti, michoro haifanani, na ya kushoto ina namba 0713 ubavuni. Nikamwita, nikamuuliza. Akajibu, "Mbona zilikuwa hivyohivyo, baba."

Siku ya tatu mdogo wake wa kike akamweleza mama yao yote. Kumbe Ijumaa moja usiku, mvua ya kwanza ya vuli, alibeba wenzake watatu wakaelekea Bunju. Chuo chake kiko upande wa mjini, Bunju hana shughuli. Kwenye kona gari likaenda mkia, gurudumu la nyuma kushoto likagonga ukingo wa barabara, tairi ikapasuka na rimu ikapinda. Hakuna aliyeumia. Hakuwa na hela, akaiuza ile tairi nzima ya kulia, akapata ya kunyooshea rimu na kununua mbili za mtumba. Yeye hajui kwamba mimi najua.

Mke wangu anasema uza hilo gari, mnunulie mtoto IST, kile kigari kidogo cha Toyota, au apande daladala kama wenzake. Rafiki yangu anasema nifunge kifaa cha kumfuatilia kwa siri. Mdogo wangu, mwenye yadi ya malori Mlandizi, anacheka tu, anasema na mimi nilikuwa hivyohivyo. Ni kweli nilikuwa hivyohivyo. Nikimnyang'anya ufunguo naona namvunja. Nikimwachia naogopa nitamzika. Nifanyeje?

Baba wa Altezza, Tegeta

*

Marahaba, mwanangu.

Kabla hatujamgusa kijana, gari hilo lisitoke getini hata kwenda kununua mkate. Wala usimwambie ni adhabu, maana hata wewe huruhusiwi kulitoa. Hiyo 0713 uliyoisoma maana yake tairi ilitengenezwa wiki ya saba ya mwaka 2013. Huko ilikotoka imekaa juani, imekaa kwenye kontena, ikaja kuning'inia dukani. Mpira wa umri huo huwa mgumu kama kandambili iliyosahaulika juu ya bati. Kwenye lami kavu hutaona kitu. Likija tone la mvua, hiyo ni sabuni. Na umeandika iko nyuma, kwenye magurudumu yanayosukuma gari, tena mwenzake wa kulia ni wa kabila jingine kabisa.

Halafu hiyo rimu. Rimu ya aloi ikishapinda ikapigwa moto na nyundo, inaweza kuonekana imenyooka huku ina ufa mwembamba kwa ndani, upande ambao huoni mpaka uivue. Mimi nisingeiamini kwa mwendo wa Bagamoyo Road. Fundi wako apandishe gari kwenye stendi, aangalie bushi na mikono ya nyuma kushoto, bearing, na shokapu, kisha likapimwe alaimenti. Gurudumu halipigi ukingo likaumia peke yake.

Sasa kijana.

Nimesoma barua yako mara tatu na kila mara nasimama palepale, getini, mwezi wa tano. Mwanao alikwanguliwa kioo na bodaboda, jambo ambalo kwa Dar hii hata dereva mwenye uzoefu wa miaka thelathini linampata, akaja mwenyewe kukwambia. Hakusubiri uone. Malipo yake yakawa kufokewa mbele ya majirani na wiki tatu bila ufunguo. Unafikiri siku tairi ilipopasuka, amesimama Bunju usiku na mvua inamnyeshea, alikumbuka nini? Alipiga hesabu. Kioo ni wiki tatu, je tairi na rimu? Akaona kuuza tairi nzima ni nafuu kuliko kukupigia simu.

Simtetei. Alichofanya ni hatari mbili kwa mpigo: kwanza kona ile, pili kukuacha wewe baba yake uendeshe wikiendi nzima na hizo sabuni nyuma bila kujua. Hilo la pili kwangu ni zito kuliko la kwanza, na ndilo ningeanza nalo nikizungumza naye. La kona ni ujinga wa umri. Lakini la pili alikuwa na siku kadhaa za kulifikiria.

Muite jioni, wewe na yeye tu, kwenye gari. Mama asiwepo, na yule binti usimtaje hata kwa kidokezo, usije ukamfanya mchongezi ndani ya nyumba ambako bado ataishi na kaka yake. Huna haja naye, tairi yenyewe inasema. Chukua tochi, chuchumaeni wote, umsomee hiyo namba kisha umweleze maana yake. Halafu mwambie: "Hizi si zangu, na juzi nilizipanda bila kujua. Nisimulie." Kisha unyamaze. Najua wewe kunyamaza si kipaji chako, lakini jaribu. Atakapomaliza, mwambie yaliyotokea getini ulikosea. Mwambie hivyohivyo, bila "lakini" nyuma yake.

Adhabu ya kusimulia isiwepo. Bili iwepo. Tairi mbili mpya za aina ileile ya mbele, rimu nyingine, na kazi ya fundi: atalipa nusu, kidogokidogo, kutoka kwenye hela ya mafuta unayompa, na katika miezi hiyo atapanda daladala kwenda chuo. Mama yake amependekeza daladala kwa hasira, mimi nalipendekeza kwa hesabu. Vijana wanaelewa tofauti kati ya kuonewa na kulipa, hata wakinuna.

Sasa nikwambie kuhusu gari lenyewe, maana marehemu mume wangu alikuwa na gereji Ilala na mimi ndiye niliyekuwa naweka vitabu vyake, na pale zilipoanza kuingia Altezza nilizijua kwa milio kabla sijaziona. Toyota waliitoa mwaka 1998, ikachukua tuzo ya gari la mwaka la Japani msimu wa 1998 na 1999. Mhandisi mkuu wake, Nobuaki Katayama, alitaka gari dogo la kusukumwa kwa nyuma ambalo mtu wa kawaida ataliendesha kwa raha. Marekani waliliuza kwa jina la Lexus IS, lakini hata huko taa za nyuma za kioo cheupe zilipoanza kufungwa kwenye kila gari, vijana waliziita "Altezza". Kwa hiyo mwanao hayuko peke yake katika kupagawa.

Yako ni RS200, yaani ina injini ya 3S-GE ya lita mbili, na kwa gia za mkono ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 210. Sasa farasi hao hawako mlangoni mwa zizi. Wako mwisho kabisa, kwenye mizunguko 7,600 kwa dakika. Chini ya hapo gari linakwenda kwa adabu tu, kama Corolla iliyovaa suti. Mtu mzima anaridhika na hiyo adabu. Kijana anasikia kuna kitu huko juu hajakifikia, anakanyaga, na gari linamlipa kwa kukanyaga. Hilo ndilo somo linalotolewa na gari, na ulimwachia alisome peke yake siku mbili kila wiki. Na zile geji ndogo tatu zilizokaa ndani ya geji ya spidi kama saa ya mkononi, wewe umeshazizoea, yeye bado zinamvuta macho.

Kilichotokea Bunju naweza kukisimulia bila kuwepo. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi huamsha oili na vumbi la miezi kwenye lami, na nusu saa ya mwanzo ndiyo mbaya kuliko hata ikishanyesha usiku kucha. Ameingia kona kasi kidogo, watatu wanapiga kelele nyuma na pembeni. Ameshtuka, ameachia mafuta ghafla au amekanyaga breki. Uzito wote ukakimbilia mbele, nyuma ikabaki nyepesi, mkia ukaenda. Washa swichi uangalie dashibodi: ikiwaka taa ya VSC kisha ikazima, gari lako lina msaada wa kuzuia mkia. Isipowaka hata kidogo, huna, na lazima mwanao aambiwe kwamba hakuna atakayemsaidia.

Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watu wa miaka 5 hadi 29. Sikuambii hili kukutisha, tayari umeandika neno "nitamzika". Nakwambia kwa sababu ya wale wenzake watatu. Dereva mpya peke yake ni mtu mmoja. Dereva mpya na marafiki watatu usiku ni mkutano wa hadhara, na yeye ndiye msemaji mkuu.

Kwa hiyo siku zake mbili zifutwe, na zako pia. Hapa ndipo mlipokosea tangu mwanzo. Mmegawana siku, hamjagawana gari. Unasema "ni yetu sote wawili" halafu mistari michache juu yake umejisifu hakuna fundi anayeigusa bila wewe kusimama pale. Huyo kijana ni mpangaji, tena mpangaji wa siku mbili. Mpangaji akivunja kioo anatafuta cha kufanana nacho akiweke kabla mwenye nyumba hajarudi. Ndicho alichofanya.

Miezi mitatu kuanzia siku tairi mpya zikifungwa, gari litoke mkiwa wote wawili. Yeye ndiye alipeleke kumwaga oili, yeye asimame na fundi, wewe ubaki nje ya gereji ukitembeatembea kwa wasiwasi. Ajue mkanda wa taimingi wa injini unabadilishwa kila kilomita 100,000 na ajue mara ya mwisho ilikuwa lini. Kama wewe mwenyewe hukumbuki, mna kazi ya kwanza. Wekeni daftari kwenye dashibodi, la kawaida la shule: tarehe, kilomita, mafuta, na kilichoonekana. Siku wewe ukikwangua bampa kwenye geti, na utakwangua, andika kwa mkono wako. Hiyo mistari miwili yako itamfundisha kuliko hotuba.

Mwezi wa pili mwombeni mdogo wako hiyo yadi ya Mlandizi, Jumapili malori yamelala na hakuna mtu anayekatiza. Mwageni maji, mwendo usizidi 30. Akanyage breki kwa nguvu zote mpaka ABS, ule mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge, ifanye kazi, asikie pedali inavyompigapiga unyayo. Dereva asiyewahi kuisikia hudhani gari limevunjika, anaachia mguu wakati ule ule aliotakiwa kuzidisha. Kisha azungushe usukani mkia ukienda, taratibu, ajue gari linasema nini kabla halijapiga kelele. Na wewe uingie zamu yako. Miaka 16 ya kuendesha Jumapili kwenye jua haijakufundisha hilo.

Miezi mitatu ikiisha aanze kutoka peke yake mchana. Baadaye na rafiki mmoja. Usiku na mvua viwe vya mwisho. Tarehe ziandikwe kwenye daftari hilohilo, maana ahadi ya "ukikua" haina kalenda na kijana anaijua hivyo.

Mambo ya karatasi nayapitia haraka. Gari la 1999 nadhani unalikatia bima ndogo, kwa hiyo linalolipwa ni la mwenzio tu. Ukingo wa Bunju ni mfuko wako. Ukitaka bima kubwa, muulize wakala kwanza kama wanapokea gari la umri huo, na umtaje kijana wazi, umri wake na mwezi aliopata leseni, kwani mikataba mingi humtoza dereva mpya sehemu kubwa zaidi ya hasara. Ukificha, siku ya kudai utaoneshwa mstari. Faini nazo zinafuata namba ya gari, 30,000 kila kosa, na deni linaonekana mtandaoni. Kuliangalia kila Jumatatu iwe kazi yake.

Kifaa cha kufuatilia kama unakitaka kwa ajili ya wezi, funga, na awepo kinapofungwa. Cha siri hapana. Tayari kuna mtu mmoja ndani ya nyumba hiyo anayeficha mambo ya gari, usimwongezee mwenzake.

Na mkeo ana haki kuliko unavyotaka kukubali. Kwa kijana mwenye leseni ya miezi saba, gari la kwendea chuo ni IST au basi, si RS200. Siku ukipata hela ya IST, mnunulie, na Altezza ibaki ya wikiendi yenu. Na mkishafika kwenye makubaliano haya, akaja kukudanganya tena kuhusu jambo la usalama wa gari, si kioo, nasema breki au tairi, basi mama ashinde, uza. Mweleze hilo mapema, mbele ya mama yake.

Siku ya Mlandizi aendeshe yeye kwenda na kurudi. Wewe kaa kiti cha kushoto, na huo mkono wako wa kulia upakate chupa ya maji.

Shangazi